Sheria ya kaske ianzie kwa mwenye pikipiki

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwenye simu ya jirani kwa sababu yenu haina sharji, salamu kutoka Bunia. Leo sileti habari ya mkutano. Naleta neno langu mwenyewe, na asiyekubaliana nalo anajua mahali radio ilipo.

Kila mara viongozi wanapoleta hatua za usalama barabarani, mji wetu unajibu kwa namna ileile. Hatua zenyewe tunazijua kwa kichwa: kaske kwa mwendeshaji na abiria, permi, plake, abiria mmoja tu, pikipiki zilale mapema jioni. Wamotari wanasema serikali inatafuta pesa. Wafanyabiashara wanasema soko litakufa. Shirika la raia linasema tengenezeni barabara kwanza. Viongozi wanasema sheria ni sheria. Baada ya wiki mbili kelele inapoa, kaske zinarudi kuning'inia kwenye usukani, na tunangoja tangazo lingine.

Katika majibu hayo yote kuna watu wawili ambao hakuna anayewataja. Wa kwanza ni yule anayebebwa nyuma: mama wa soko, mgonjwa, mwanafunzi, mkimbizi wa vita anayerudi kambini na gunia la makaa. Wa pili ni mwenye pikipiki, yule anayekaa nyumbani kila jumamosi kungojea pesa yake ya wiki. Wa kwanza ndiye anayepasuka kichwa. Wa pili ndiye anayekula faida. Na sheria zote tunazoletewa zinamrukia mtu wa katikati, kijana mwenye mikono kwenye usukani, kana kwamba yeye peke yake ndiye pikipiki.

Nianze na jibu la shirika la raia, kwa sababu ndilo linalopigiwa makofi zaidi: barabara kwanza, sheria baadaye. Ni neno tamu. Nani hataki barabara? Avenyu nyingi za Bunia ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, na ukishuka kuelekea mito midogo ya mji unaweza kuacha kiatu njiani. Tena tunalipia barabara hizo. Tangu 2008 nchi ina mfuko wa kutunza barabara, FONER, na pesa yake inachukuliwa ndani ya bei ya mafuta. Motari akijaza tanki, amelipa. Abiria akimlipa motari, naye amelipa bila kujua. Kwa hiyo kudai barabara ni haki, na anayedai asiitwe mpinzani.

Lakini tazameni vizuri mahali pikipiki zinapokimbia. Katika matope motari anakwenda pole pole, anasukuma kwa miguu, abiria anashuka. Ni kwenye lami ya Boulevard de Libération ndipo kijana anainama mbele na kufungulia gesi. Barabara nzuri bila sheria inaongeza mbio, na mbio ndiyo inayoua. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari linalokwenda kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko aliyegongwa na gari la kilomita 50. Tofauti ni kilomita 15 tu, na mtu hakuzipata kwenye shimo, alizipata kwenye lami. Kusema tungoje lami mpaka kila avenyu iwe nayo, halafu ndiyo tuvae kaske, ni sawa na kusema tungoje nyumba iwake vizuri ndipo tutafute maji.

Tena kichwa hakijui kama kimeangukia kwenye lami au kwenye jiwe. OMS hilohilo linasema kaske iliyovaliwa vizuri inaweza kupunguza hatari ya kuumia ubongo hadi asilimia 74. Iliyovaliwa vizuri, nasema: kichwani, na kamba imefungwa chini ya kidevu. Ile ya kiwiko haihesabiwi. Wala ile ya plastiki ya mafundi wa nyumba, ambayo vijana wengine wanaivaa ili polisi aone rangi tu. Ukianguka, hiyo inatangulia kuruka, wewe unaifuata.

Sasa jibu la wamotari: serikali inatafuta pesa. Hapa nitasema wazi, kwa sababu kila anayepanda pikipiki mjini ameona kwa macho. Motari anasimamishwa pembeni. Ufunguo unatolewa. Maneno mengi yanapita, abiria anachelewa, anaanza kununa. Mwishoni kuna kitu kinapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, bila karatasi, na ufunguo unarudi. Halafu kijana anawasha na kuondoka. Ameondoka vipi? Kichwa wazi! Alikamatwa kwa kukosa kaske, amelipa, na sasa anaendelea bila kaske mpaka kona inayofuata. Kama kosa lilikuwa hatari, mbona hatari imeruhusiwa kuendelea baada ya kulipiwa? Sisemi kila polisi wa rulaji anafanya hivyo. Kuna wanaosimama juani mchana wote wakivusha watoto wa shule, na hao wanastahili heshima na mshahara unaofika kwa wakati. Nasema tu kwamba adhabu isiyokuwa na risiti haimfundishi mtu kuvaa kaske. Inamfundisha kubeba noti ndogo mfukoni.

Kwa hiyo wamotari wana haki nusu. Nusu nyingine hawataki kuisikia. Ndugu zangu, nyinyi ndio mnaokaa kwenye parkingi mkihesabu wenzenu waliolala hospitali, mnachangishana pesa ya dawa, mnasindikiza jeneza kwa msururu wa pikipiki na honi. Na kesho yake msemaji wenu anakuja kwenye maikro kusema kaske inaleta joto. Inaleta joto, ndiyo. Na abiria wanasema inanuka jasho la mtu mwingine, inaharibu nywele, inaleta ugonjwa wa ngozi. Basi avae kitambaa chake chini yake. Kigali abiria wa pikipiki anavaa kaske, na hakuna mama anayegeuka kurudi nyumbani kwa ajili ya nywele. Najua mtajibu kwamba Kigali ni Kigali. Lakini fuvu la mtu wa Kigali na fuvu la mtu wa Mudzipela yameumbwa kwa mfupa uleule.

Ninalowatetea wamotari ni hili, na hapa ndipo neno langu lilipo. Nenda kwenye parkingi yoyote ya mji, uliza: pikipiki hii ni ya nani? Wengi watakujibu: ya patroni. Kijana amepewa chombo, na kila wiki lazima alete verisema, pesa iliyokubaliwa, mvua inyeshe au isinyeshe, kuwe na operesheni ya jeshi au pasiwe. Kitakachobaki ndicho chake. Mafuta juu yake, panya ya gurudumu juu yake, barieri juu yake, faini juu yake. Sasa umwambie huyu anunue kaske mbili nzuri kutoka kwenye kinachobaki. Atanunua ya plastiki. Umwambie abebe abiria mmoja tu na alale saa kumi na mbili jioni, huku verisema haikupunguzwa hata franka moja. Atakimbia zaidi mchana ili afidie. Hatua iliyotungwa kupunguza mbio itakuwa imeongeza mbio!

Na patroni ni nani? Ni mfanyabiashara mwenye pikipiki kumi. Ni mwalimu aliyekopa ili aongezee mshahara. Ni mjane. Ni mtu wa ofisi. Wakati mwingine ni mtu wa sare, na pikipiki yake haisimamishwi popote, kila mtu barabarani anaijua. Baadhi yao wanakuwa ndani ya ukumbi wakati hatua zinapojadiliwa, wamekaa mstari wa mbele, wanatikisa kichwa msemaji anapolaumu utovu wa nidhamu wa wamotari. Hakuna anayewageukia kuuliza: na wewe, patroni, kijana wako ulimpa kaske ngapi?

Sheria ianzie hapo. Pikipiki ya taksi isipewe plake wala namba ya parkingi kabla mwenyewe hajaonyesha kaske mbili za kweli, moja ya mwendeshaji na moja ya abiria. Bei ya kaske mbili ni kitu kidogo mbele ya bei ya pikipiki. Aliyepata kubwa hawezi kushindwa na dogo, hata yule mwalimu, hata yule mjane. Na motari akikutwa barabarani hana kaske ya abiria, polisi aandike plake, na mwenye plake aitwe kulipa banki na kupewa risiti. Ufunguo ubaki mahali pake. Mtaniambia patroni atamkata kijana pesa hiyohiyo. Wengine watafanya hivyo. Lakini patroni aliyeitwa ofisini mara mbili, akapoteza asubuhi yake kwenye foleni, atapata hamu ya kujua kijana wake anaendeshaje. Leo hana sababu hata moja ya kuuliza, kwa kuwa kifo cha abiria hakimgharimu kitu zaidi ya kioo na taa ya mbele.

Sasa nije kwa abiria, na hasa kwa ninyi wakimbizi wa vita. Nimesikia katika mikutano watu wa mji wakisema wakimbizi wamejaza barabara. Hilo neno libaki mdomoni mwao. Aliyetoka Djugu akikimbia risasi hakuja Bunia kutafuta boulevard. Amekuja na watoto waliokulia mahali ambapo chombo kikubwa zaidi kilikuwa baiskeli ya makaa, na sasa watoto hao wanavuka lami kwenda kuchota maji na kwenda shule, na hakuna aliyewafundisha kutazama kushoto kwanza. Duniani, zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, yaani watu wasio na bati la kuwakinga. Na ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ukiwa kwenye kambi ya Kigonze, tazama nje ya hema lako uone umri wa watu wanaopita. Ndio hao.

Na bado hatua zinapoandikwa, mwanamke wa kambini hayumo. Chukueni hii ya abiria mmoja tu. Kwa mtu wa ofisi ni jambo rahisi, yeye siku zote anapanda peke yake. Kwa mama aliyekwenda kulima shamba la mtu kwa siku moja, ana mtoto mgongoni na mwingine wa miaka minne mkononi, maana yake ni nini? Alipe pikipiki mbili? Amwache wa miaka minne apande na mwanaume asiyemjua? Au atembee na giza linaingia? Mama mmoja wa kambini aliniambia: “Mwanangu, hiyo sheria yenu inanihesabu mimi kama watu watatu siku ya kulipa, na kama sifuri siku ya mkutano.” Sikuwa na jibu. Mimi binafsi naona watu wazima watatu kwenye pikipiki moja ni wazimu, na wakamatwe leo. Lakini mtoto wa mgongoni si abiria wa pili, na aliyeandika sheria bila kusema mtoto anahesabiwaje amempa polisi nafasi ya kuhesabu anavyotaka.

Halafu kuna saa za usiku. Hapa tunachanganya mambo mawili kwa sababu lugha yetu ina neno moja tu. Tunasema usalama tukiwa na maana ya barabara, na tunasema usalama tukiwa na maana ya bunduki. Tangu mwezi wa tano wa 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na mambo hayo mawili yamefungwa katika fungu moja. Pikipiki inakatazwa usiku kwa sababu ya wahalifu, halafu inaandikwa kwamba ni kwa sababu ya ajali. Kaske inalazimishwa mchana kwa sababu ya ajali, halafu jioni inatazamwa vibaya kwa sababu inaficha uso. Motari afuate ipi? Kama ni vita, semeni ni vita, watu wa hapa wanaelewa vita kuliko mtu yeyote. Lakini msiite usalama wa barabarani kile kinachomfanya mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa asipate wa kumpeleka maternite saa tano ya usiku. Na asiombwe karatasi. Mwenye uchungu hana muda wa kutafuta muhuri wa chefu wa kartie. Pikipiki yenye mgonjwa ipite, taa imewashwa, kaske za wote wawili zimefunguliwa uso mbele ya barieri, basi. Askari ana macho, ataona.

Kuna jambo lingine la utawala huu ambalo wasomaji wangu wa mbali huenda hawalioni. Katika jimbo lenye bunge lake, hatua kama hizi zingepita mikononi mwa wabunge wa jimbo. Wangegombana, wangepiga meza, tungerusha hewani. Kwetu bunge la jimbo limesimama tangu utawala wa kijeshi ulipoanza. Kinachobaki ni amri inayosomwa, na mkutano wa kuieleza amri hiyo kwa walioitwa. Ndiyo maana nani anaitwa na nani haitwi si jambo dogo. Wamotari wana vyama vyao, wafanyabiashara wana shirikisho lao, wanafunzi wana sauti yao na mawe yao. Anayebebwa nyuma hana chama. Hakuna umoja wa watu waliokaa kwenye kiti cha nyuma.

Kwa upande wa sheria yenyewe, nchi haikuanza jana. Kodi ya barabara tuliyonayo ni sheria namba 78/022 ya tarehe 30 ya mwezi wa nane 1978, wakati nchi ikiitwa Zaïre. Vijana wengi wanaoendesha leo hawakuwa wamezaliwa, wala baba zao hawakujua kwamba pikipiki itakuwa taksi, gari la wagonjwa, lori la bia na gari la maiti kwa siku moja. Kuna pia tume ya taifa ya kuzuia ajali, CNPR. Kwa hiyo kiongozi anayekuja kutuambia tatizo ni kukosa sheria, tumsikilize kwa heshima halafu tumwombe atuonyeshe ile ya zamani imefanya kazi gani kwenye kona ya soko kuu.

Ninachotaka kabla ya amri yoyote mpya kusomwa kinaweza kufanyika bila pesa ya Kinshasa. Mkutano ujao wa meya na wamotari uwe na viti vya wanawake wa kambi, wa soko na wa maternite, si viti vya kupigia picha, viti vyenye zamu ya kusema. Orodha ya wenye pikipiki za taksi iwekwe wazi, plake kwa plake, pamoja na za watu wa sare. Polisi wapewe daftari lenye risiti zenye namba, na daftari hilo lisomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Radio iko tayari kutoa dakika zake kwa kazi hiyo. Matuta yajengwe kwenye boulevard mbele ya shule, kwa maana tuta halili rushwa na halilali usiku. Na wamotari waache kutuambia kaske inaleta joto.

Patroni mmoja atanipigia simu leo jioni kusema nimemchongea. Namba anayo. Akipiga, swali langu litakuwa lilelile: kaske ya abiria wako iko wapi, baba?